Makinda wa kikapu wapewe dakika zinazojulikana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na makocha na viongozi wa klabu zetu za mpira wa kikapu kuhusu jambo linaloniumiza kila msimu wa ligi unapofika katikati. Nawasemea wachezaji chipukizi wanaosajiliwa kwa mbwembwe, wakapigwa picha na jezi mpya, kisha wakakaa benchi tangu mechi ya kwanza hadi ya mwisho, huku wakongwe wale wale wakicheza mpaka wanashika magoti kwa kuchoka. Nilicheza mchezo huu kwa miaka kumi na mbili, nikafundisha vijana kwa miaka tisa, na hadi leo jioni nyingi utanikuta pembeni mwa uwanja hapa Dar es Salaam nikiwa na daftari langu. Siandiki kwa kuwadharau wakongwe, kwani mimi mwenyewe nilifundishwa na mkongwe namna ya kusimama chini ya kikapu bila kusukumwa nje, na somo lile halikutoka katika mdomo wa kocha yeyote.

Msimu uliopita nilimfuatilia kijana mmoja wa miaka 19, mrefu, mwenye mikono mizuri, ambaye katika mashindano ya vijana hakuna aliyeweza kumzuia. Alisajiliwa na timu moja kubwa ambayo sitaitaja. Katika mechi zake nilizozitazama, hata mara moja sikuandika jina lake kabla ya robo ya nne. Siku moja timu yake ilikuwa inaongoza kwa pointi 27, zimebaki dakika mbili kasoro sekunde kumi, na mashabiki wakaanza kuimba, "Muingize dogo! Muingize dogo!" Kocha akamwita. Kijana alikuwa amekaa saa nzima na zaidi, misuli imepoa, na nilimwona akivua fulana ya kupashia misuli kwa haraka hadi ikanasa kichwani. Mpira wa kwanza alioupokea akatembea nao bila kuudundisha, mwamuzi akapuliza filimbi na kuzungusha mikono. Mpira wa pili aliutoa papo hapo, kama ameshika kaa la moto, akampa mwenzake ambaye hakuwa akiangalia, ukatoka nje. Kabla hajarudi kwenye ulinzi alikuwa tayari ametupia macho benchi. Baada ya mechi nilimsikia kocha akimwambia msaidizi wake, "Umeona? Bado hajawa tayari." Basi hukumu ya msimu mzima ikawa imetolewa kwa dakika moja na sekunde hamsini, na ushahidi ulikuwa makosa mawili ya mtu aliyeingizwa akiwa wa baridi.

Nawaelewa makocha wanaosema kwamba ligi si shule. Mfadhili anataka ushindi, viongozi wanataka kombe, na kocha akipoteza mechi tatu mfululizo kibarua chake kinaota nyasi. Mkongwe mwenye miaka 34 anajua lini apunguze kasi ya mchezo, anajua mwamuzi yupi hapendi kelele, na akipewa mitupo huru miwili mwishoni mkono wake hautetemeki. Kumwacha nje mtu wa namna hiyo ili kumpisha mtoto ni jambo gumu, na wanaolisema kirahisi kutoka jukwaani hawajawahi kubeba lawama za kupoteza mechi kwa pointi moja.

Lakini hebu tupige hesabu. Mechi yetu ina dakika 40, na kila timu ina wachezaji watano uwanjani, kwa hiyo kocha ana jumla ya dakika 200 za kugawa. Akimpa kinda mmoja dakika 8 kila mechi, ametoa sehemu moja tu ya ishirini na tano. Sehemu ishirini na nne zote zinabaki kwa wakongwe na wengine waliokwisha kukomaa. Katika kiasi hicho sioni namna timu iliyoandaliwa vizuri inavyoweza kuanguka, ila naona wazi namna kijana anavyoweza kukua, mradi dakika hizo 8 ziwe zinajulikana tangu mazoezini, ziwe katika robo ya kwanza au ya pili wakati mechi bado ni mechi, na awe uwanjani pamoja na wakongwe watatu au wanne watakaomwelekeza asimame wapi.

Mfano unaotugusa zaidi Watanzania ni wa Hasheem Thabeet. Mwezi Juni mwaka 2009 kijana huyu wa Dar es Salaam alichaguliwa wa 2 katika uchaguzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, na timu ya Memphis Grizzlies, mbele ya James Harden aliyechaguliwa wa 3 na Stephen Curry aliyechaguliwa wa 7. Wengi wetu tunakumbuka fahari ya siku ile. Msimu wake wa kwanza alicheza wastani wa dakika 13 hivi kwa mechi na kupata pointi 3 na ushei, na kabla msimu haujaisha alipelekwa kwenye timu ya Dakota Wizards katika ligi ya maendeleo iliyo chini ya NBA. Hadi wakati huo hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi hicho aliyewahi kupelekwa huko. Msimu wa pili, ambapo dakika za kijana anayefundishwa zilipaswa kuongezeka, zake zilipungua. Februari 2011 aliuzwa kwenda Houston Rockets, na miongoni mwa waliokuja Memphis kwa biashara hiyo alikuwa Shane Battier, mkongwe mwenye miaka 32.

Mhariri, sitaficha sehemu ya hadithi hii inayowapa nguvu wasiokubaliana nami. Tarehe 17 Aprili 2011, katika mechi ya kwanza ya mtoano dhidi ya San Antonio Spurs walioshika nafasi ya kwanza upande wa Magharibi, ni Battier huyo huyo aliyetupa mpira wa pointi tatu uliowarudisha Memphis mbele zikiwa zimebaki sekunde zisizofika 25. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa mtoano katika historia ya klabu ile, na baadaye wakawatoa Spurs kwa mechi 4 dhidi ya 2. Mtu akiniambia kwamba kumtoa kinda na kumleta mkongwe kuliwalipa, sina la kumbishia. Kuliwalipa, na kwa klabu iliyokuwa haijashinda hata mechi moja ya mtoano, furaha ile haikuwa ndogo.

Ninachouliza ni kitu kingine. Aliyekuwa mbele ya Thabeet katika nafasi ya senta, yaani mchezaji mrefu wa chini ya kikapu, alikuwa Marc Gasol kutoka Hispania, ambaye msimu ule wa kwanza wa Thabeet alikuwa akicheza karibu dakika 36 katika mechi ya NBA, ambayo ni ya dakika 48, na kijana wetu akaokota kilichobaki. Gasol naye alikuwa ndiyo kwanza yuko msimu wake wa pili Marekani. Msimu wake wa kwanza, 2008–09, Memphis walimpa dakika zaidi ya 30 kwa mechi na kumwanzisha katika mechi 75 kati ya 82. Kwa nini mgeni mmoja alipewa 30 na mwingine 13 na klabu ile ile? Kwa sababu Gasol hakuwa mgeni wa mpira wa kikapu. Alikuwa amelelewa katika nyumba ya kikapu, akiwa mdogo wake Pau Gasol, alikuwa bingwa wa dunia na Hispania mwaka 2006, na mwaka 2008 alikuwa amechaguliwa mchezaji bora wa ligi ya nchi hiyo. Thabeet alianza kushika mpira wa kikapu akiwa na miaka 15. Alipofika Memphis akiwa na miaka 22 alikuwa na urefu wa zaidi ya mita 2.2, lakini umri wake wa mpira ulikuwa miaka saba tu.

Hapo ndipo makocha wetu wengi wanapokosea, na nadhani hata huko Memphis walikosea. Tunamtazama kijana mwili wake na cheti chake cha kuzaliwa, hatuulizi amecheza saa ngapi za mashindano ya kweli. Kijana wa miaka 19 aliyecheza tangu akiwa na miaka 9 katika viwanja vya Don Bosco si sawa na mwenzake aliyeokotwa sekondari kwa sababu ya urefu. Wote wawili tunawaita chipukizi, tunawasajili siku moja, tunawaweka benchi moja, na mwisho wa msimu tunashangaa kwamba yule wa pili hajasogea. Huyo wa pili ndiye anayehitaji dakika nyingi zaidi, na ndiye asiyeweza kuzipata katika timu inayowania ubingwa.

Tena angalieni Gasol huyo huyo zilikotoka dakika zake. Akiwa Barcelona, klabu kubwa iliyojaa wakongwe, alikuwa akiingia kwa nadra. Mwaka 2006 alihamia Girona, klabu ndogo, akacheza, akakosea, akacheza tena, na misimu miwili baadaye alikuwa mchezaji bora wa ligi nzima. Angebaki Barcelona kusubiri zamu yake, sijui kama Memphis wangemwona. Thabeet naye alipelekwa chini, ila alipelekwa kwa majuma machache tu, akacheza mechi chache, akarudishwa kukaa benchi. Safari fupi kama ile haimtoshi mtu anayejifunza kusoma mchezo. Kwa kijana wetu, mbele ya macho ya dunia nzima, ilionekana kama adhabu.

Wapo watakaosema kwamba vijana waachiwe uwanja wote na wakongwe wapumzishwe. Hao nawaelekeza Detroit. Msimu wa 2023–24 Detroit Pistons walijaza timu vijana wenye vipaji, wakapoteza mechi 28 mfululizo, kiasi ambacho hakijawahi kupotezwa ndani ya msimu mmoja wa NBA, na wakamaliza na ushindi 14 tu kati ya mechi 82. Majira ya joto yaliyofuata walibadili kocha, wakawaleta Tobias Harris, Tim Hardaway Jr. na Malik Beasley, watu wazima wanaojua kazi. Vijana hawakuondolewa. Mmoja wao, Cade Cunningham, aliendelea kuongoza timu, na msimu wa 2024–25 walishinda mechi 44. Mimi huwaza sana juu ya zile mechi 28. Kijana anayepoteza kila siku bila mtu mzima wa kumwambia kosa lilianzia wapi, hujifunza kupoteza.

Pia kuna ubaya wa kumpa kijana dakika leo na kumnyang'anya kesho bila neno. Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, alichaguliwa wa 7 mwaka 2021 na Golden State Warriors, akacheza mechi 70 za msimu wake wa kwanza kwa karibu dakika 17 kila moja, na timu ikachukua ubingwa wa 2022 pamoja naye. Huo ulikuwa mwanzo mzuri. Lakini Januari 2024, akiwa tayari msimu wa tatu, alicheza vizuri dhidi ya Denver Nuggets, akatolewa, na hakurudishwa katika dakika 18 za mwisho. Warriors walipoteza mechi ile, na siku iliyofuata vyombo vya habari vya Marekani vikaripoti kwamba amepoteza imani na kocha Steve Kerr. Kerr ni mwalimu mkubwa mwenye mataji, na siku zilizofuata Kuminga alianza kupewa nafasi zaidi, akamaliza msimu na wastani wa pointi 16. Hata hivyo mtu hujiuliza ni kwa nini mpaka manung'uniko yafike magazetini ndipo kijana ajue kazi yake.

Kuhusu kuogopa makosa ya kinda katika mechi kubwa, nitataja moja tu. Tarehe 12 Mei 1997 Los Angeles Lakers walikuwa ugenini kwa Utah Jazz, wakikaribia kutolewa. Shaquille O'Neal alikuwa ametolewa kwa faulo sita. Kocha Del Harris akamwacha uwanjani mtoto wa miaka 18 aliyekuwa akicheza wastani wa dakika 15 hivi kwa mechi. Mtoto akatupa mpira wa mwisho wa robo ya nne, haukugusa hata ringi. Muda wa nyongeza akatupa mingine mitatu ambayo nayo haikugusa kitu. Lakers wakatolewa. Jina lake ni Kobe Bryant, na kuanzia mwaka 2000 alichukua ubingwa mara tatu mfululizo akiwa na timu ile ile. Sidai kwamba mipira ile minne ndiyo iliyomfanya bingwa. Nasema tu kwamba hakuna aliyetumia jioni ile kumwandikia hukumu ya maisha, na msimu uliofuata dakika zake ziliongezwa.

Najua haya kwa sababu nami nilikosea. Nikiwa nafundisha timu ya vijana wakubwa, nilikuwa na mlinzi wa miaka 17 aliyekuwa mwepesi mno. Kila alipopoteza mpira nilimtoa. Nilidhani namfundisha umakini. Baada ya miezi mitatu niligundua kwamba ameacha kabisa kupenya kuelekea kikapuni. Anapokea, anarudisha, anapokea, anarudisha. Nilimwuliza kwa nini, akanijibu kwa heshima, "Mwalimu, nikirudisha hutonitoa." Jibu lile lilinikata maini. Toka siku hiyo niliweka utaratibu kwamba mchezaji mpya akiingia, hatoki kabla ya dakika nne kamili, apoteze asipoteze, isipokuwa ameumia au amekataa kukaba. Pia nilimpangia mkongwe mmoja wa kuingia naye kila mara, ambaye kazi yake ilikuwa kuzungumza naye mpira unaposimama. Yule mkongwe mwanzoni alinuna, akidhani nampunguzia heshima, lakini miezi miwili baadaye yeye ndiye aliyekuwa akinijia kabla ya mechi kuniuliza, "Leo tunaingia dakika ya ngapi na mdogo wangu?"

Kwa hiyo ombi langu kwa makocha wa ligi zetu, za Dar es Salaam na za mikoa, ni hili. Kabla ya msimu kuanza, mwite kila kinda uliyemsajili, umwambie dakika zake na kazi yake. Kama kazi ni kukaba mpeleka mpira wa wapinzani na kukimbia pembeni, mwambie hiyo hiyo, usimtupie kitabu kizima. Mwingize robo ya pili, akiwa amepasha misuli, pamoja na wakongwe wako, na umwache akosee mbele yako. Dakika za mwisho za mechi ngumu waachie wenye uzoefu, hapo sina ugomvi na mtu. Mtoano ukifika, punguza ukitaka. Lakini mechi za kawaida za msimu, zile ambazo wote tunajua nani atashinda kabla ya filimbi, sioni sababu ya mkongwe wa miaka 35 kucheza dakika 34 wakati magoti yake yatahitajika baadaye.

Kwa viongozi wa klabu nina neno moja zaidi. Kama timu yenu imejaa na mnawania ubingwa, mpelekeni kijana kwa mkopo katika klabu ndogo ambako atacheza msimu mzima, na andikeni katika makubaliano kwamba anakwenda kucheza. Kumshika ili tu asichukuliwe na wapinzani ni kumdhulumu, kwa sababu miaka kati ya 18 na 22 haimrudii. Viongozi wa chama nao wanaweza kusaidia kwa kurahisisha mikopo hiyo katikati ya msimu, maana nimeshuhudia kijana akikwama kwa ajili ya karatasi moja ya uhamisho hadi ligi ikaisha.

Yule kijana wa miaka 19 niliyemtaja mwanzo nilikutana naye majuzi kwenye viwanja vya Kidongo Chekundu asubuhi, akifanya mazoezi peke yake, akijitupia mpira ubaoni, anaudaka na kumalizia kwa mkono wa kushoto, ambao ndio dhaifu. Aliniambia mkataba wake umebaki mwaka mmoja na hajui kama atacheza. Sikuwa na la kumwahidi. Msimu ukifunguliwa nitakuwa pembeni mwa uwanja kama kawaida yangu, na safari hii, kando ya pointi na ribaundi, yaani mipira inayodakwa baada ya kukosa kikapu, nimeongeza safu moja katika daftari langu ya kuandika kila kinda ameingia robo ya ngapi na alikuwa na nani uwanjani. Kocha yeyote atakayependa kuiona, nitampa.

Wako katika michezo,
Mwalimu wa zamani wa timu za vijana,
Temeke, Dar es Salaam